Modemu isipounganisha kwenye Linux, uliza imeishia wapi

Vijana wengi wanaokuja kujifunza kazi kwenye meza yangu hapa Kariakoo hawajawahi kusikia modemu, kile kifaa kinachoiunganisha kompyuta na mtandao kupitia laini ya simu, ikipiga simu. Wamekulia kwenye bando. Nikiwatolea kisanduku chenye safu ya taa mbele na waya wa simu ya mezani nyuma, wanakigeuzageuza kama redio ya babu. Hata hivyo nawafundisha, na nitaendelea kuwafundisha. Modemu za USB zinazopachikwa laini ya simu, na zile zilizofungwa ndani ya mitambo inayotuma vipimo, bado zinaongea amri zilezile za AT, maneno mafupi ya kuiagiza modemu, na nyingi bado zinaunganishwa na programu ileile ya `pppd`, inayoongea na mtoa huduma baada ya simu kushika. Isitoshe, sijaona chombo kinachomfundisha mtu kutafuta hitilafu vizuri kuliko modemu. Kila hatua ina mlio wake, taa yake au neno lake.

Mimi nilijifunza kwa machungu. Ilikuwa msimu wa masika, kabla mkonga wa baharini wa SEACOM haujafika Dar mwaka 2009, wakati ofisi nyingi ndogo zilitegemea simu ya mezani kuingia mtandaoni. Niliitwa kwenye stesheneri moja Ilala. Mama mwenye ofisi alikuwa na nyaraka za zabuni za kutuma kabla ya saa kumi jioni. Kompyuta yake ilikuwa ya mfumo wa Linux, modemu ya nje, inapiga lakini haishiki. Nikabadilisha nenosiri. Nikabadilisha kasi ya poti. Nikabadilisha namba ya kupiga, nikaondoa programu na kuiweka upya. Saa kumi na nusu mtandao ukashika. Zabuni ilikuwa imeshampita, na mimi sikujua hata ni kipi kati ya vyote nilivyogusa kilichotibu. Kesho yake asubuhi mvua ikanyesha, mtandao ukakatika tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimetengeneza kitu. Jioni ile jua lilikuwa limetoka, waya ukakauka.

Tangu siku ile, mteja akiniambia "haiunganishi", swali langu ni moja tu: imeishia wapi?

Safari yenyewe ni hii. Kompyuta iongee na modemu. Modemu isikie mlio wa laini. Modemu ya upande wa pili iitike, kisha zipatane kasi. `pppd` ya kwako ipatane na ya mtoa huduma. Jina na nenosiri vikubalike. Njia ya kutokea iwekwe, na mwisho majina ya tovuti yatafsiriwe kuwa namba. Ukijua safari imekatikia wapi, kila kilicho kabla ya hapo ni kizima, na huna sababu ya kukigusa.

Anza na modemu yenyewe. Fungua `minicom`, programu ya kuandikiana na modemu moja kwa moja, chagua poti, andika `AT` na ubonyeze Enter. Ikijibu `OK`, mnaongea. Isipojibu, usifikirie nenosiri wala mtoa huduma kwa sasa. Poti inayoitwa COM1 kwenye Windows ni `/dev/ttyS0` kwenye Linux, COM2 ni `/dev/ttyS1`. Wageni hukosea kwa namba moja kila siku. Modemu za USB hujitokeza kama `/dev/ttyACM0` au `/dev/ttyUSB0`, na amri ya `dmesg` itakuonyesha jina lililotolewa mara tu ulipochomeka. Ukiambiwa huna ruhusa, angalia kama mtumiaji wako yumo kwenye kundi la `dialout`, na ukishamwongeza atoke aingie upya, la sivyo utaona hakuna kilichobadilika. Ukiambiwa kifaa kimefungwa na programu nyingine, mara nyingi ni ile `minicom` uliyoisahau kwenye dirisha jingine.

Kuna kadi za ndani ambazo hazitajibu hata ufanyeje. Tuliziita winmodemu. Zilikuwa za bei rahisi kwa sababu kazi ambayo ingefanywa na chipu ya modemu waliihamishia kwenye draiva ya Windows. Kadi yenyewe ilibaki tundu la simu na vipande vichache. Kwenye Linux baadhi zilipata draiva, kwa mfano zenye chipu za Lucent na Smart Link, na nyingine hazikupata kabisa. Nimekesha usiku mzima na kadi kama hiyo. Ushauri wangu kwa anayefufua mashine ya zamani ni huu: soma kwanza `lspci`, amri inayoorodhesha kadi za ndani, ujue una chipu gani, na ukiona ni winmodemu, tafuta modemu ya nje ya poti ya seriali. Utailipia kidogo zaidi, lakini inajitegemea, na ina taa.

Taa hizo zisome. OH ikiwaka, modemu imenyanyua simu. CD ikiwaka, imeshika modemu ya upande wa pili. SD na RD zinapepesa data ikitoka na ikiingia. Nilikuwa na mwanafunzi, dada mmoja makini sana, ambaye alikuwa akiniambia hitilafu iko wapi akiwa amesimama mlangoni, hajagusa kibodi. OH inawaka, CD haiwaki: tatizo liko kwenye laini au upande wa pili. CD inawaka, SD inapepesa peke yake na RD imekufa: tunaongea, wenzetu hawatujibu.

Masikio nayo yatumie. Andika `ATM1L3` ili spika ya modemu isikike vizuri wakati wa kupiga. Utasikia mlio wa laini, kisha tarakimu, kisha simu ikiita, kisha mlio mwembamba mrefu wa modemu ya pili ikiitika, kisha ule mkwaruzo wa kupatana. Ukipata `NO DIALTONE`, chomoa waya kwenye modemu uchomeke kwenye simu ya kawaida. Simu nayo kimya? Basi laini imekufa, achana na kompyuta. Simu ina mlio lakini modemu hauitambui? Inawezekana ilitengenezwa kwa mlio wa nchi nyingine. Iambie `ATX3`, itapiga bila kusubiri mlio, na bado itakuambia `BUSY` namba ikiwa inatumika. Kwenye ofisi zenye swichibodi, ambako unabonyeza 9 kupata laini ya nje, weka 9 na mkato kabla ya namba. Mkato mmoja ni kusubiri sekunde 2, na kwenye swichibodi nzito nimewahi kuhitaji mikato mitatu.

Sasa ile mvua ya Ilala. `NO CARRIER` baada ya mkwaruzo mrefu, au unganisho linaloshika na kuangusha baada ya dakika mbili, mara nyingi ni laini chafu. Chomeka simu ya kawaida, bonyeza tarakimu moja ili mlio ukatike, kisha sikiliza ule ukimya. Ukimya mzuri unakaribia kuwa tupu. Ukisikia kama mafuta yanakaangia karanga, kuna maji au kutu kwenye kiungo mahali fulani. Pale stesheneri nilifuata waya kutoka mezani hadi nje, nikakuta kisanduku cha kuungia chini ya paa lenye mchirizi, kifuniko kimepasuka, nyaya mbili za shaba zimegeuka kijani. Nilizikata sehemu iliyooza, nikaziunga upya, nikakihamishia kisanduku mahali pakavu. Kazi ya dakika 20. Nilipoiona nilijisikia vibaya kwa ajili ya yule mama, maana dakika 20 hizo zingeokoa zabuni yake.

Kasi nayo iwekee matarajio ya kweli. Modemu iliyoandikwa 56K, yaani biti 56,000 kwa sekunde, hukaribia kasi hiyo wakati wa kupokea pale tu ambapo njia yote ni ya kidijitali isipokuwa kipande cha mwisho cha waya kufika kwako, na hata hapo kupeleka kwa modemu nyingi huishia 33.6K. Ukipita kwenye swichibodi ya analogi, 33.6K ndiyo dari. Usipoteze siku ukitafuta hitilafu ambayo haipo. Lakini siku ambayo juzi ilikuwa 33,600 na leo ni 9,600, rudi kwenye laini.

Ukiona neno `CONNECT`, kazi ya waya imekwisha. Kuanzia hapo mwalimu wako ni logi, yaani faili ambamo programu huandika kila inachofanya. Weka neno `debug` kwenye mipangilio ya `pppd`, fungua terminali ya pili na uandike `tail -f /var/log/syslog`, au `/var/log/messages` kulingana na aina ya Linux, kisha piga. Soma taratibu. `LCP: timeout sending Config-Requests` maana yake unasalimia na hakuna anayeitikia salamu. Logi ikisema laini inarudisha sauti yako mwenyewe, kuna uwezekano mkubwa seva ya upande wa pili bado inasubiri uandike jina kwa mkono. Njia ya kuhakikisha ni kupiga kwa mkono ndani ya `minicom`, kwa `ATDT` na namba, na kutazama kinachokuja. Ukiona `login:`, unahitaji hati ya `chat` ya kujaza jina na nenosiri. Ukiona takataka zinazoanza na `~`, furahi: hiyo ni PPP, lugha ambayo `pppd` huiongea, na upande wa pili uko tayari.

Jina na nenosiri hukaa kwenye `/etc/ppp/pap-secrets` au `chap-secrets`. Nenosiri lenye nafasi au alama ya reli, `#`, lifunge ndani ya alama za nukuu, maana bila hizo `pppd` huichukulia reli kuwa mwanzo wa maelezo. Herufi kubwa na ndogo zihesabu moja moja na mteja, akuandikie kwenye karatasi. Kusomewa kwa simu kumenipotezea muda mwingi.

Kosa moja hujificha kwa nyuso mbili, na nataka ulijue mapema. Kompyuta ikiwa tayari ina njia ya kutokea kupitia kadi ya mtandao wa ofisi, `pppd` inaweza kugoma ikisema upande wa pili lazima ujithibitishe kwako. Dawa yake ni kuongeza `noauth`. Unaongeza, inaunganisha, `ppp0`, jina la unganisho jipya, inaonekana, na bado hakuna ukurasa unaofunguka. Ukirudi kwenye logi utakuta imeandika kwamba haikubadilisha njia iliyokuwepo. Sababu ni ileile moja. Ondoa njia ya zamani kwa `ip route del default`, au chomoa waya wa mtandao wa ofisi, kisha piga tena.

Mwisho wa safari, jaribu `ping`, amri ya kuita kompyuta nyingine uone kama inaitika, kwa namba kabla ya jina. Namba ikijibu na jina likagoma, tatizo ni majina: ongeza `usepeerdns` na utazame kama `/etc/resolv.conf` imepata anwani. Namba isipojibu, rudi kwenye njia.

Kuna matatizo ya kukatikakatika ambayo hayako kwenye kompyuta kabisa. Huduma ya simu ya pili kukatiza ya kwanza huangusha modemu, izimeni. Mhasibu wa chumba cha pili akinyanyua simu ya laini hiyohiyo, mmekatika. Na tafadhali weka `idle 300` kwenye mipangilio, ili simu ikatwe baada ya dakika 5 za ukimya. Laini ikikaa imeshika usiku kucha, bili ni ya mteja wako. Kabla ya kuondoka tazama OH imezimika.

Kwa modemu za laini ya simu ya mkononi maneno hubadilika kidogo, safari ni ileile. Baadhi hujitambulisha kwanza kama diski ya CD yenye programu za Windows, na `usb_modeswitch` ndiyo inayozigeuza kuwa modemu. `AT+CPIN?` inakuambia kama laini inadai PIN. `AT+CREG?` inakuambia kama mtandao umekupokea: `0,1` uko nyumbani, `0,2` bado unatafuta, `0,3` umekataliwa. `AT+CSQ` inatoa nguvu ya mawimbi kutoka 0 hadi 31, na 99 maana yake haijulikani. Badala ya namba ya simu unapiga `*99#`, na APN, jina la lango la intaneti la kampuni ya simu, ikikosewa utarudishiwa `NO CARRIER` ileile ya zamani.

Wiki chache zilizopita kijana wangu mmoja alikuwa Tegeta, kwenye kompyuta ndogo ya Linux inayotuma vipimo vya tangi la maji. Akanipigia: "Kaka, haiunganishi." Nikamuuliza imeishia wapi. Akanyamaza kidogo, nikasikia akibonyeza. "`OK` inajibu. PIN haidai. `CREG` inasema sifuri, mbili." Nikamuuliza antena iko wapi. Ilikuwa ndani ya kabati la chuma, na mlango umefungwa. Aliitoa nje kwa kuipitisha kwenye tundu la waya, akaifunga juu ya kabati, na baada ya muda mfupi akanitumia picha ya skrini: `0,1`, mawimbi 17, na chini yake mstari wa `pppd` ukionyesha anwani iliyopewa.