Fundi Mpya Anunue Nini Kwanza?

SWALI: Nimefanya kazi chini ya fundi mwingine kwa miaka kadhaa, na sasa ninataka kujitegemea kwa kurekebisha mifereji, vitasa, milango na rafu katika nyumba za kupanga za Kayole, Umoja na Donholm. Nina akiba ya shilingi 30,000. Marafiki wananishauri ninunue sanduku la vifaa lenye vipande zaidi ya 100, grainda, na mashine ya kuunganisha mabomba ya PPR, yaani mabomba ya plastiki ya maji. Nianze na nini?
Msomaji, Kayole

JIBU: Ndugu msomaji, sanduku hilo liache dukani. Vipande vyake vingi huwa ni soketi na biti ndogo ambazo humfaa zaidi fundi wa magari, ilhali mpangaji atakayekupigia simu Jumamosi asubuhi ana mfereji unaovuja, kitasa kilichokwama au televisheni anayotaka itundikwe ukutani. Andika kwenye daftari kazi mlizoitiwa mara nyingi wewe na fundi wako, kisha ununue kwa kuifuata orodha hiyo.

Kwa kazi ulizozitaja, tanguliza vifaa vya mkono: spana ya kurekebisha, spana ya mabomba, playasi, bisibisi bapa na za nyota, nyundo, patasi, msumeno wa chuma, tepu ya kupimia na pimamaji. Hapa usikimbilie bei ya chini kabisa, kwa sababu spana iliyolegea huzila kingo za nati mpaka isishikike tena, na mteja atakudai mfereji mpya. Ukiwa dukani, ifungue spana hadi nusu, ushike taya inayosogea na kuitikisa. Ikicheza sana, irudishe. Pimamaji nayo hujaribiwa papo hapo: iweke juu ya kaunta, tazama povu limesimama wapi, kisha uigeuze upande wa kushoto uwe wa kulia palepale ilipokuwa. Povu likihama, pimamaji hiyo ina kasoro.

Kifaa chako cha kwanza cha umeme kiwe drili inayogonga huku ikizunguka. Nyumba nyingi za Nairobi zina kuta za mawe ya machimbo na nguzo za zege, na drili isiyogonga itakuchosha bure na kuziunguza biti zako. Ya waya ni nafuu kuliko ya betri yenye nguvu sawa, nami ningeanza na hiyo, ila umuulize mteja kabla ya kutoka nyumbani kama umeme upo, maana si ajabu kukuta tokeni zimeisha. Ongeza biti za ukuta za milimita 6, 8 na 10, fisha (plagi za plastiki za kushikilia skrubu ukutani) zinazolingana nazo, na miwani ya kukinga macho. Tafadhali miwani usiiahirishe, kwa kuwa unapotoboa juu ya kichwa chako vumbi la jiwe hukuangukia usoni. Tena usitoboe moja kwa moja juu au chini ya soketi na swichi, kwani mara nyingi ndiko nyaya zinakopita.

Grainda ingoje. Mashine ya PPR, ambayo huyeyusha mabomba kwa joto la takriban nyuzi 260, ikodishe siku utakapoihitaji, na gharama yake uiingize katika bei ya kazi. Usimalize shilingi zote 30,000. Bakisha angalau 6,000 kwa ajili ya nauli, tepi ya kuzungushia nyuzi za mabomba yasivuje, washa za mifereji na silikoni, kwa sababu wateja wengi hulipa kazi inapokwisha.

Umeme hukuutaja, lakini utaombwa uiangalie shawa ya maji moto kwa kuwa tayari umo ndani ya nyumba. Hizo ni volti 240 mahali penye maji, na kwa mujibu wa Sheria ya Nishati ya 2019, kazi ya kufunga nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Kataa kwa heshima, umwelekeze mteja kwa mwenye leseni.

SWALI: Je, ninunue drili iliyotumika huko Gikomba?
Msomaji, Dandora

JIBU: Unaweza, mradi muuzaji aiwashe mbele yako. Sikiliza kama inakwaruza, tazama kama biti inayumba ikizunguka, na ikitoa cheche nyingi kwenye matundu ya hewa, huenda brashi za kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimekwisha. Dai risiti yenye jina na nambari ya simu ya muuzaji. Asiyekubali kuandika, mwache na drili yake, kwa sababu kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa la jinai.