Nikivuta pumzi ndefu, vidole vinakufa ganzi

SWALI: Shikamoo Bibi Mkunga. Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi huku Newala, nina miaka 29. Tangu minada ya korosho ianze sina raha. Mkulima anapima magunia yake leo, kesho kutwa yuko dirishani: "Karani, hela yangu iko wapi?" Kazi yangu ni kupima tu, malipo yanapitia benki, lakini wa kutukanwa ni mimi. Moyo unadunda, mkono unatetemeka hadi nakosea kuandika kilo. Rafiki yangu akanionyesha kwenye simu kuwa dawa ni kuvuta pumzi ndefu mara 20. Nikavuta. Kizunguzungu kikanishika, midomo na vidole vikafa ganzi, nikajua leo ndio mwisho. Hili zoezi lina madhara?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hufi. Hicho kilichokupata nimekiona leba kwa miaka 31.

Nilianzia zahanati ya huko huko kwenu, juu ya uwanda wa Makonde, enzi za kibatari. Usiku mmoja nilikuwa na binti wa mimba ya kwanza, anahema kama aliyekimbizwa, vidole vimekakamaa, analia kuwa haoni vizuri. Mama mkwe pale mlangoni ameshaanza kutaja mashetani. Nikasogeza kibatari, nikamwambia: "Puliza mwali ulale, ila usizimike." Mara ya kwanza kikazimika. Nikawasha. Mara ya tatu mwali ukalala, akawa anapuliza polepole mpaka pumzi ikamwishia. Haikuchukua muda, vidole vikafunguka. Mama mkwe akanyamaza (kwa mara ya kwanza tangu magharibi).

Wewe ulihema sana, tena haraka. Shuleni tuliambiwa tunachotoa ni hewa chafu, tukaiona takataka. Kumbe hiyo kabonidayoksaidi mwili unaihitaji kwa kiasi chake. Ukiitoa kwa fujo, mishipa ya damu ya ubongo inabana, ndiyo hicho kizunguzungu; na damu nayo inabadilika hadi neva zinachachamaa, ndiyo hiyo ganzi ya midomo na vidole. Zoezi halina ubaya, ulikosea mwendo. Watu wanashughulika na kuvuta, kumbe utulivu uko kwenye kutoa. Unapotoa pumzi, mapigo ya moyo hupungua kidogo, ukivuta, yanapanda. Basi refusha pale yanapopungua.

Fanya hivi. Kaa, mgongo uegemee, mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta kwa pua, taratibu, ukihesabu hadi 4. Tumbo ndilo liinuke. Mabega yakipanda, umeshakosea. Usijaze kifua hadi pomoni. Kisha toa kwa midomo iliyochongoka, kama unapoza chai bila kuimwaga, uhesabu hadi 6. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Dakika 5 zinatosha. Kichwa kikiwa chepesi, acha, pumua kawaida. Na asikudanganye mtu upumulie ndani ya mfuko au bahasha. Ni ushauri wa zamani, na kama tatizo ni la moyo au mapafu unaweza kukudhuru.

Ila usisubiri utukanwe ndipo ujifunze. Anza alfajiri kabla ya kufungua ghala, na usiku kitandani. Ukipata nafasi jioni nenda Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa uwanda, ukae ukitazama bonde la Ruvuma, ufanyie hapo.

Maumivu ya kifua yakija, hasa yakishuka mkononi au kupanda tayani, au ukikosa pumzi hata umepumzika, au ukizimia, achana na mimi, nenda hospitali mara moja. Hata bila hayo, nenda ukapimwe presha.

Sasa niseme ambalo hukuniuliza. Pumzi haitaingiza hela kwenye akaunti ya mkulima. Mwombe katibu wenu aandike ubaoni, kwa herufi kubwa: mnada wa tarehe fulani, bei ya kilo, malipo yamefikia wapi. Mtu aliyesoma mwenyewe haji dirishani na hasira ile ile ya aliyeambiwa "subiri".

Na foleni ikiwa mbele yako, huna haja ya kufumba macho wakakuona mwehu. Inama, andika namba ya gunia, huku unatoa pumzi yako hadi 6. Hakuna atakayejua. Halafu kama unaletewa kahawa kila saa, kunywa kikombe kimoja cha asubuhi, vingine wape wapagazi.