Huna Safari? Tengeneza Pasipoti Hivyo Hivyo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Shinyanga aliniandikia: "Dada, nimedunduliza laki moja na nusu. Kuna wanaoniambia nitengeneze pasipoti, kuna wanaosema natupa hela maana sina safari wala ndugu ng'ambo. Wewe unasemaje?"

Mdogo wangu, itengeneze. Najua mko wengi mnaojiuliza hivyo, ndiyo maana nakujibu hapa mbele ya wote. Na nimerudi kutoka Kigali juzi juzi, jambo hili bado lina moto moyoni mwangu.

Mnaonifuatilia mnajua nasindika dagaa hapa Mwanza. Nilipotangaza nyumbani kwamba natengeneza pasipoti, sikuwa na safari yoyote. Nilikuwa na chumba cha kupanga, mizani, na mashine ndogo ya kubana pakiti. Baba mdogo akasema kwenye kikao cha harusi, watu wamejaa sebuleni, "Huyu anakata kanzu mtoto hajazaliwa." Wakacheka. Wifi akadakia kwamba hela hiyo ningeongeza mtaji, kuliko kununua kitabu cha kuweka kabatini. Nimesamehe. Kusahau bado.

Tuanze na hela, maana hapo ndipo watu huishia. Fomu unajaza kwenye tovuti ya Uhamiaji, ukishindwa wa stesheneri atakusaidia. Ada ya fomu ni shilingi 20,000, kisha 130,000 ya pasipoti yenyewe. Jumla 150,000, nayo inadumu miaka 10. Gawanya: ni 15,000 kwa mwaka. Kuna vocha za simu zinazokula zaidi ya hapo kwa mwezi mmoja na hakuna anayemwitia mtu kikao.

Kinachochosha ni karatasi. Unatakiwa uwe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, cheti chako cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi, au kiapo kama hana. Baba yangu alizaliwa kijijini Ukerewe, zama ambazo mtu alihesabiwa umri kwa mwaka wa njaa au wa mafuriko. Cheti angekitoa wapi? Ikabidi kiapo. Tukadhani tumemaliza, kumbe jina la ukoo kwenye cheti changu limeandikwa kwa r na NIDA limeandikwa kwa l. Herufi moja! Kwetu Kanda ya Ziwa ni jambo la kawaida, mwandikishaji anaandika alivyosikia. Lakini mfumo haujui kwamba ni kawaida. Afisa aliweka kidole juu ya ile herufi, akanirudishia faili, akasema, "Dada, karekebishe kwanza." Nikaanza upya kuzunguka: wakili, NIDA, foleni, njoo kesho.

Nje alikuwepo kishoka aliyeniambia nimpe hela atamaliza yote. Sikumpa. Na wewe usimpe. Ukiulizwa shughuli zako, sema ukweli na ubebe ushahidi wake. Mimi nilibeba usajili wa biashara yangu kutoka BRELA na barua ya serikali ya mtaa.

Pasipoti ikatoka, ikakaa kwenye sanduku chini ya vitenge. Ilikaa kweli kweli, na maneno ya wifi yakaendelea.

Halafu siku moja usiku ujumbe ukaingia kwenye grupu letu la wasindikaji. Kuna mafunzo ya kufungasha vyakula Kigali, mwenzetu aliyepangwa hana pasipoti, nani anayo? Picha ya ukurasa wenye jina itumwe kabla ya saa kumi jioni kesho. Mwenzetu yule, niseme wazi, ana dagaa wazuri kuliko wangu. Wakavu, hawana mchanga, wanang'aa. Lakini fomu haikuuliza habari za mchanga. Niliinua vitenge, nikapiga picha, nikatuma kabla hata ya kulala.

Tulivuka daraja jipya la Kigongo–Busisi, tukaenda hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Nilipoona muhuri ukigongwa kwenye ukurasa mtupu nilimkumbuka baba mdogo. Ukivuka pale magari yanahamia kulia, na saa unairudisha nyuma saa moja. Sampuli zangu nilizifunga kwenye mifuko ya karatasi, maana Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Mwenye duka mmoja alifungua pakiti, akanusa, akatafuna dagaa mmoja mkavu mkavu, akaomba namba yangu. Oda yake ya kwanza imeshaondoka.

Mtaniambia kwa nchi jirani ipo hati ya dharura ya kusafiria. Ipo, na ni nafuu. Lakini nayo inaombwa, na mimi nilipewa usiku mmoja na nusu mchana. Wenzetu wa Kenya, Uganda na Rwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Sisi Watanzania hatumo kwenye mpango huo. Na ukiwa na pasipoti, Zambia, Malawi na Afrika Kusini unaingia bila viza. Mkilala na ndoto za nje, mnaamka na udhuru. Amkeni na karatasi!

Kama hiyo laki na nusu ndiyo kodi ya nyumba au ada ya mtoto, iache, lipa kodi. Na kama lengo lako ni Guangzhou au Dubai, jua kwamba viza ni mlima wa pili, pasipoti peke yake haikufikishi. Mwenye nayo tayari aangalie tarehe ya mwisho: nchi nyingi zinataka ibaki na miezi 6 au zaidi.

Ila karatasi hazina kisingizio, hata kwa asiye na senti. Toa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, viweke mezani, soma majina herufi kwa herufi. Kisha mpigie baba au mama leo jioni, muulize alizaliwa kijiji gani, wilaya gani, na kama ana cheti. Kama hana, anza na hicho.