Jibu: Mdogo wangu anayesomea udaktari wa meno alibadilika chuo kilipofungwa

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako alikuwa anadeka aliporudi Kondoa vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya corona, maana mpaka leo usingizi wake haujakaa sawa. Hadeki. Nadharia unaweza kuisoma kwenye simu, lakini kuziba jino ni kazi ya mkono: unatoboa meno ya plastiki maabara mpaka vidole vizoee, ndipo upewe mgonjwa. Halafu ile mashine ya kutobolea inarusha mate hewani, nawe umeinamia mdomo wa mtu! Vyuo vilifunguliwa Juni 1, wanafunzi wakarudi na hofu yao.

Mwulize analalaje. Hayo ya "unamaliza lini" waachie majirani, wanayapenda. Asipopata nafuu, mpeleke Mirembe, hospitali ya afya ya akili pale Dodoma, kliniki ya wagonjwa wa nje. Wanaoenda pale si "vichaa" kama tunavyotaniana Dodoma.