Msonobari si kupe

SWALI: Natafsiri ripoti kuhusu misitu ya Kanada. Je, majani ya misonobari hunyonya, hufyonza au husharabu mwanga? Kwa sasa nimeandika hivi: "Zoezi la upimaji wa kiwango cha ufyonzwaji wa mwanga wa jua katika misitu ya misonobari ya kaskazini lilifanyika kwa kutumia picha za setilaiti." – Mfasiri, Morogoro

JIBU: Hufyonza. Kunyonya mwachie mtoto na ziwa la mamaye. Tena tangu Azimio la Arusha, 1967, mnyonyaji ni kupe anayeishi kwa jasho la wenzake, na msonobari haujamkosea mtu. Sharabu ni la Kiarabu, ndugu yake sharubati. Neno tamu, ila nusu ya wasomaji wako watalifuata kamusini. Swali limekwisha.

Sasa hiyo sentensi, ndugu yangu. "Zoezi la"! Zoezi ni la mwanafunzi daftarini, au la mwanariadha alfajiri. Siku hizi hakuna linalotendeka nchini bila kuwa zoezi: zoezi la usafi, zoezi la uandikishaji, zoezi la kugawa vyandarua. Msibani nimemsikia mshereheshaji akitangaza "zoezi la kutoa heshima za mwisho". Nilitamani kuuliza kama marehemu alishasahihishiwa.

Baada ya zoezi unakuja msururu: upimaji wa kiwango cha ufyonzwaji wa mwanga wa jua. Nomino zimeshikana mashati kama abiria wa daladala, na kitenzi kinapofika hatimaye ni "lilifanyika", kitenzi kisichofanya kitu. Nani alipima? Alipima nini?

Hilo la pili si swali la lugha peke yake, maana setilaiti haipimi mwanga uliofyonzwa. Itaupimaje, na jani limekwisha kuula? Hupima unaorudi. Chombo cha MODIS, kilichopaa na setilaiti ya Terra mwaka 1999, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Jani bichi hula sana mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi infraredi ya karibu, ambayo jicho halioni. Wataalamu huchukua infraredi, wakatoa mwekundu, wakagawa kwa jumla ya yote mawili. Kutokana na hesabu kama hiyo ndipo hukadiria ni sehemu gani ya mwanga wa usanisinuru, wa nanomita 400 hadi 700, imebaki kwenye majani.

Na makadirio hayo yana mitego. Chini ya mispruzi myeusi, miti jamaa ya misonobari, huko Saskatchewan, jimbo la Kanada, ardhi nayo imetandwa na vimea vya kijani. Ukitazama kutoka angani, kijani cha mti na kijani cha sakafu huchanganyika. Jua la kaskazini huwa chini, vivuli virefu. Theluji nayo hung'aa na kuvuruga hesabu. Ndiyo maana mwaka 1994, katika utafiti wa BOREAS, watu waliingia misitu ya Saskatchewan na Manitoba kwa miguu yao wakapima mwanga juu ya matawi na chini yake. Hao walipima. Makadirio ya setilaiti hulinganishwa na vipimo vyao, na neno lako "upimaji" limewaweka wote kapu moja.

Andika: "Watafiti walitumia picha za setilaiti kukadiria mwanga wa jua unaofyonzwa na misitu ya misonobari ya kaskazini." Maneno 16 badala ya 23, na kila mtu anajulikana alifanya nini.

"Ufyonzaji" nitauvumilia kwenye kichwa cha jedwali, ambako kitenzi hakina pa kukaa. "Ufyonzwaji" hata hapo hapana. Ripoti ikitaja mispruzi, usiibatize misonobari. Andika "misonobari na jamaa zake". Na msomaji wako wa Mufindi akisema mipaina, mwache. Yeye anaipanda.