Vitumbua vya asubuhi ya Pegasus

Mhariri, mmeuliza wiki hii kwa nini Waingereza walishindwa kuilinda Unguja tarehe 20 Septemba 1914, siku manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoizamisha manowari yao Pegasus bandarini petu. Swali limenichoma, na mwiba wenyewe ni hilo neno "kuilinda". Tangu 1890 tulikuwa chini ya himaya ya Mwingereza, na himaya maana yake ni ulinzi. Ila sijaona bado mtu akieleza kwamba aliyekuwa akilindwa ni nani.

Sababu za kivita zinajulikana, nami sitazirefusha. Pegasus ilikuwa meli ya mwaka 1897, mizinga yake minane haikufika mbali, na Jumapili ile ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mashine, wenzake wakiwa wamekwenda kwingine. Königsberg, yenye mizinga kumi, ilisimama mahali ambapo makombora ya Pegasus yalidondokea majini kabla ya kuifikia. Mabaharia wapatao 38 walikufa, na baadhi yao wamezikwa kisiwani Chapwani, ambako wengi wenu mmewahi kupita kwa mashua.

Bibi yangu alikuwa kigori wakati huo, nyumbani kwao, mtaa wa Malindi hapa Unguja. Mfungo Mosi ulikuwa ukimalizika, na mama yake alikuwa akiuza vitumbua barazani. Alfajiri ile chuma kilikuwa tayari jikoni, unga wa mchele umeumuka vizuri, na Bibi amepewa kazi ya kuchochea kuni na kugeuza. Mzinga wa kwanza ulipolia, majivu yaliruka yakaingia katika bakuli la unga. Kila aliponisimulia alirudi kwenye bakuli hilo, jinsi mama yake alivyochukua upawa akaanza kuyaengua majivu polepole, huku nyumba ikitikisika na majirani wakipiga kelele ngazini. Mzinga wa pili ulipolia, mama mtu aliuliza bila kuinua kichwa: "Mngereza kaanza tena kumpiga Sayyid?"

Swali hilo limekaa kifuani mwangu kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwanamke yule hakuwa mjinga. Mizinga ya manowari alikuwa amekwisha kuisikia mara moja, Agosti 1896, Waingereza walipolipiga jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja ili kumng'oa Sayyid Khalid bin Barghash, wakaua na kujeruhi watu wapatao mia tano. Siku ile manowari zao zilizopanga mstari mbele ya jumba zilikuwa tano, zote nzima. Miaka 18 baadaye, adui alipokuja kweli, ilikuwapo moja, nayo mashine zake zimefunguliwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapo, niseme kwamba walishindwa kwa dharau tu. Lakini nikijilazimisha kuwa mwadilifu, nakiri kwamba meli mbovu lazima itengenezwe mahali fulani, na kwamba Königsberg, tangu ilipoikamata meli ya mizigo City of Winchester mwezi Agosti, ilikuwa ikitafutwa na haionekani. Nahodha wa Pegasus angeweza kuwa mwangalifu zaidi, labda, lakini mizinga yake hangeweza kuirefusha. Isitoshe, Wajerumani hawakushusha askari hata mmoja. Walipiga, wakaondoka, wakajificha katika delta ya Rufiji, na huko huko manowari yao ikamalizwa Julai 1915.

Kwa hiyo mkinibana nijibu swali kama mlivyoliuliza, nitasema, shingo upande, kwamba kisiwa hakikushindwa kulindwa. Iliyoshindwa ni meli moja. Nasema hivyo kwa sharti kwamba tunazungumzia ulinzi dhidi ya Wajerumani peke yao, na kwamba msinitake niongeze neno la shukrani. Vitumbua, kwa taarifa yenu, viliuzwa vyote kabla ya adhuhuri, kwa sababu watu walikuwa wamejaa pwani wakiitazama Pegasus ikilala ubavu, na wengi wao walikuwa wametoka nyumbani bila kufungua kinywa. Bibi alisema hakuna aliyelalamika kuhusu majivu.