Saiba ya Kondele na mtandao wa giza: majasusi wanajua, polisi wathibitishe

SWALI: Nina saiba ya mashine 12 hapa Kondele, Kisumu. Nimesoma kwamba Uingereza majasusi wa GCHQ na polisi wa NCA wana kikosi cha pamoja cha kuwasaka wanaodhulumu watoto kwenye mtandao wa giza. Kama Tor, programu ya kufikia mtandao huo, inamficha kila mtu, mhalifu wanampataje? Na mteja akifungua uchafu huo kwenye mashine yangu, nifanye nini?

JIBU: Kikosi hicho kilitangazwa Novemba 2015. Tor hupitisha mawasiliano yako kwenye vituo vitatu, yaani kompyuta za kati: cha kwanza kinakujua wewe ila hakijui uendako, cha mwisho kinajua uendako ila hakikujui. Ukifungua tovuti ya .onion, yaani iliyo ndani ya Tor yenyewe, nayo hujificha vivyo hivyo, kwa hiyo vituo huwa sita. Mara nyingi mhalifu hanaswi kwa kuvunjwa kwa mfumo huo. Hunaswa kwa uzembe wake. Mwendeshaji wa AlphaBay, soko haramu la mtandao wa giza lililofungwa Julai 2017, aliponzwa na anwani yake binafsi ya Hotmail iliyojitokeza kwenye barua pepe za kuwakaribisha wateja.

Jasusi ana mitambo na wataalamu wa kuunganisha vipande vya namna hiyo. Asichokuwa nacho ni ushahidi wa kusimama mahakamani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2016 inakataza, isipokuwa katika hali chache, kuleta mahakamani mawasiliano yaliyonaswa njiani. Basi taarifa ya jasusi hubaki fununu, na polisi huanza upya: hati ya upekuzi, kompyuta iliyokamatwa ikiwa wazi, kumbukumbu za benki. Mbinu za siri nazo zina gharama. Mwaka 2017 waendesha mashtaka wa Marekani waliachilia kesi moja iliyotokana na Playpen, tovuti ya picha za watoto wanaodhulumiwa, kuliko kufichua msimbo uliotumiwa na FBI.

Fununu ikifika Kenya, aghalabu huwa anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho wa intaneti, na saa. Hapo ndipo mambo huharibika. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ruta yako hufanya hivyo hivyo kwa mashine zako 12. Bila namba ya poti, inayotenganisha mawasiliano ya wanaotumia anwani moja, na saa kamili hadi sekunde, anwani hiyo haimtaji mtu. Tena saa huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu: 16:30 huko ni 19:30 hapa. Nasi tunasema saa moja na nusu jioni. Karani akiandika 1:30 kwenye taarifa, mpelelezi atakuwa anamtafuta mteja wa usiku wa manane. Andika kwa mfumo wa saa 24, na ulinganishe saa ya ruta, ya mashine na ya kamera. Zikipishana, andika zinapishana kwa dakika ngapi.

Sasa mashine yenyewe. Usiizime wala kuiwasha upya. Kivinjari cha Tor huacha machache sana kwenye diski, na yaliyo kwenye kumbukumbu ya muda hupotea umeme ukikatika. Saiba zenye programu ya Deep Freeze ndizo hatarini zaidi, kwani kuwasha upya kunairudisha mashine kama ilivyokuwa asubuhi. Hakikisha skrini haijifungi, msogeze kila mtu mbali, usiguse kibodi. Usipige picha ya kilichoonekana wala kumtumia askari kwa WhatsApp: kumiliki na kusambaza picha hizo ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, hata nia yako ikiwa njema. Eleza kwa maneno.

Hifadhi malipo ya M-Pesa ya mteja huyo na kumbukumbu za ruta. Nakili video ya kamera siku hiyo hiyo, maana kinasa huandika juu ya picha za zamani chenyewe. Kisha piga DCI, idara ya upelelezi wa jinai, 0800 722 203, bila malipo, au 116, simu ya kusaidia watoto, kama kuna mtoto aliye hatarini. DCI ina kitengo cha kulinda watoto, kwa hiyo kituo cha karibu kikisitasita, omba ripoti ifike huko. Polisi wanaweza kukupa notisi ya kuhifadhi data kwa hadi siku 30 wakitafuta amri ya mahakama. Ipokee kwa maandishi. Baadaye huenda ukaombwa kutia sahihi cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza rekodi ilivyotolewa na kifaa kilichoitoa. Kwa hiyo andika tangu sasa nani aligusa nini, na saa ngapi.